Tupeane uzoefu: mliokuwa mkiwapeleka wazee kliniki wakati wa Korona, mlifanyaje?

Mwana wa Makadara

Salamu wakubwa kwa wadogo. Nataka tukusanye visa vyetu vya ile 2020 na 2021, wakati wazee walikuwa wakiambiwa wakae ndani na huku kliniki ya presha haimngoji mtu. Hotuba wekeni kando. Semeni mlifanya nini, kipi kilishika na kipi kiligoma. Naanza mimi.

Tulikuwa vijana wa mtaa mmoja hapa Mombasa, tuna tuktuk mbili na gari la shemeji yangu ambalo mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya watu 14 ikaamriwa ibebe 8, nauli ikaruka, na mzee wa mkongojo hawezi kugombea mlango na vijana wanaokimbilia nyumbani kabla ya saa moja kugonga. Wengi wakaamua hawaendi tena kliniki. Ubaya wa presha ni kwamba ukiacha dawa leo, kesho wajiona mzima.

Mafuta tulichangisha kwa M-Pesa. Wakati ule kutuma mpaka shilingi 1,000 kulikuwa bure, basi tukawaambia watu watume mia mbili, mia tatu, hakuna kinachokatwa njiani. Hilo lilitusaidia kuliko ahadi za wakubwa.

Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, siku moja na Eastleigh kule Nairobi, na ilikuwa katikati ya Ramadhani. Tuktuk zetu zikaishia nje. Bahati mwenzetu mmoja anakaa humo ndani, akakusanya vijana wa vichochoroni wakaendelea kwa miguu na mkokoteni. Anasimulia nyanya mmoja wa mtaa wa Kuze humo, mkaazi wa ghorofani, aliyekuwa akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Ndani ya kikapu mlikuwa na kadi ya kliniki imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, pakiti tupu ya dawa ili wasikosee jina, na pembeni mkate wa sinia umefunikwa kitambaa. Wakimwambia asijisumbue na futari zao, anakivuta kikapu juu na hakishuki mpaka wakubali.

Sasa swali langu. Kumfikisha mzee ni kitu cha dakika kumi. Kumsubiri ni asubuhi nzima, na huwezi kumwacha na kumrudia saa tisa. Hapo ndipo wengi wetu walikimbia. Nyinyi mlifanyaje?

Boda wa Mumias

Mimi ni wa boda. Huku wazee watoto wao wako Nairobi, na Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili mpaka Julai, hakuna kutoka hakuna kuingia. Jamaa ananitumia pesa ya dawa na ya mafuta, mamake ananionyesha pakiti, napiga picha, jamaa anasoma kule, ananiambia niulize nini kwa kemisti.

Kumbeba mama wa miaka themanini kwa pikipiki si mchezo. Walikuwa wanakaa upande, na barabara yetu mnaijua. Kuna mmoja nilimwambia avae suruali ya marehemu mzee wake ndani ya rinda, akalie pikipiki kama mwanaume. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Wiki iliyofuata nikamkuta langoni ameivaa na ameikunja chini mara mbili.

Kusubiri sikuweza, boda anakula cha leo. Nilikuwa namwachia mama wa chai pale mlangoni namba yangu. Akimwona mama anatoka, ananibipu. Yeye nilimlipa kwa kununua chai kwake tu.

Mtoto wa Waa

Yenu ilikuwa afadhali. Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa tarehe 8 Aprili, mamangu alikuwa Waa, Kwale, na kliniki yake ya sukari iko ng'ambo, kisiwani. Hata uwe na gari kumi, huvuki nalo. Kilichokuwa kikipita ni mizigo na vyakula. Basi ndugu yangu aliye Mombasa alichukua insulini, akaipa dereva wa gari la mboga, nami naipokea upande wa pili.

Insulini haitaki jua na haitaki kuganda. Tuliiweka kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, barafu chini, kitambaa kikavu juu ya barafu, halafu dawa. Dereva aliambiwa jambo moja: usiiweke juu ya dashibodi. Mwanzoni mwa Juni Kwale ikafunguliwa, watu wakashangilia. Sisi tulibaki palepale kwa sababu Mombasa yenyewe ilifunguliwa Julai.

Kisauni Kwetu

Mbona hakuna anayetaja matapeli? Mtaani kwetu alikuja mtu na jaketi la kung'aa na barakoa mpaka machoni, akasema yeye ni wa msaada wa wazee, atampeleka jirani yetu benki kuchukua ile pesa ya serikali kwa wazee, ya Inua Jamii. Mnajua ni KSh 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 kwenda juu, na ilikuja malimbikizo ya miezi, kwa hiyo si haba. Bibi wa watu akatoa kadi na namba ya siri. Hajamwona tena.

Tokea hapo tukaweka masharti. Dereva hatoki mpaka mtu anayejulikana na mzee, mtoto au jirani, ampigie simu na kumtajia dereva ni nani na gari ni rangi gani. Ya pili, dereva hashiki kadi ya benki hata akibembelezwa. Wapo waliotuona tunajifanya polisi. Potelea mbali.

Mswahili wa Leicester

Nawasimulia ya Uingereza. Mwito wa kujitolea wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, ulitoka tarehe 24 Machi 2020. Walitaka watu 250,000. Kwa siku chache wakajiandikisha zaidi ya 750,000, mpaka wakasimamisha uandikishaji. Unaweka programu ya GoodSAM kwenye simu, unawasha kwamba uko tayari, unangoja. Nikangoja weee. Watu walikuwa wengi kuliko kazi. Siku ilipolia, ililia kama king'ora cha zimamoto, nikaruka kitandani.

Ilikuwa ni kumchukulia dawa bibi mmoja wa Kihindi mtaa wa pili. Utaratibu ni kuweka mfuko mlangoni, unabonyeza kengele, unarudi nyuma mpaka barabarani. Akaniuliza kwa mbali natoka wapi. Nikasema Kenya. Akaniambia kwa Kiswahili, "Ngoja, usiende." Kumbe ni wa Kampala, katika wale Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mumewe alikuwa na duka, na yeye ndiye aliyekaa kaunta.

Mwishoni mwa Juni, Uingereza nzima ikilegezwa, Leicester ikafungwa peke yake. Dawa alikuwa akipata, chakula alikuwa akiletewa. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Nikawa nampigia jioni. Hakuuliza Korona hata siku moja. Aliuliza kama mogo, yaani muhogo, bado yauzwa soko la Nakasero, na kama mvua ya Kampala ingali inanyesha mchana. Mimi Kampala nimepita kwa basi tu, ikabidi niwe nampigia simu rafiki wa kule ili nipate majibu ya kumpelekea.

Mkongomani wa Louisville

Hapa Kentucky, Januari 2021, chanjo zilianza kutolewa watu wakiwa ndani ya gari. Unafungua dirisha, unatoa bega, unakaa dakika 15 waangalie kama hakuna kitu, unaondoka. Vizuri sana, ila wazee wetu waliokuja kama wakimbizi hawana gari, na kujiandikisha ilikuwa kwa intaneti na kwa Kiingereza. Kwa hiyo tulikaa na simu zao, tukawaandikisha, halafu tukawabeba: mzee nyuma upande wa kulia, vioo vyote chini, na baridi ile ya Januari! Kila mzee alikuja na blanketi lake. Pfizer ni sindano mbili, wiki tatu katikati, basi unapomrudisha nyumbani unaandika tarehe ya pili ukutani kwake, si kwenye karatasi.

Tanga Raha

Wakuu, huku Tanzania hatukufungiwa majumbani, yetu ilikuwa tofauti. Chanjo za kwanza, zile za Johnson & Johnson za sindano moja, ziliingia Julai 2021, na wenye miaka 50 kwenda juu walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Nikalipia bajaji ya kumpeleka mzee wangu. Mzee akasema haendi. Dereva nje anapiga honi, mama anamsihi, mimi nimesema mpaka nimekauka. Alikuwa amesikia mambo msikitini, mengine kwenye simu ya mjukuu.

Aliyemtoa ni mwenzake wa bao, mzee wa nyumba ya tatu, ambaye alishachanjwa. Alikuja, akakunja shati, akaonyesha bega, akasema, "Wiki ya pili hii, na jana nimekufunga." Wakapanda bajaji moja. Tangu hapo dereva yule akitaka kumpeleka mzee mkaidi, humpitia kwanza mzee wa bao.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Nimesoma yote. Mimi nina miaka 74, ni katika hao mliokuwa mkiwabeba. Machi 2021 walipotufunga tena, kaunti tano na Nakuru ikiwamo, ndipo watu wa miaka 58 kwenda juu tukaruhusiwa kuchanjwa. Kijana mmoja wa kanisani alinipeleka. Mpole, ana adabu, alinifungulia mlango. Tulipofika kwa muuguzi, akaulizwa, "Mzee ana shida gani nyingine?" Akajibu yeye! Akasema nina presha. Nina presha na nina mzio wa dawa fulani, na hilo la pili yeye hakulijua. Nimefundisha miaka thelathini na kitu, nadhani naweza kujieleza.

Shukrani ninazo. Lakini tukifika dirishani, niachieni niseme.

Mwana wa Makadara

Shikamoo mwalimu. Umetupiga kofi na limetufaa. Na huyo mama wa chai wa Mumias ndiye jibu nililokuwa nikilitafuta, sisi tuna wauza kahawa pale nje na hatukuwafikiria kabisa.

Sista Mstaafu

Nilikuwa upande wa ndani, kliniki ya sukari na presha, hospitali sitaitaja. Nyote mwazungumzia safari. Sisi tulichofanya ni kuzipunguza. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia tulimpa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja, badala ya kumwita kila mwezi. Ila lazima aulizwe daktari, na wazee hawaulizi, waona haya. Dereva aweza kumkumbusha mzee aulize. Kumkumbusha, mwalimu, si kumsemea.

Jambo la pili, wazee wetu huja kliniki na njaa kwa kudhani kila kipimo chahitaji tumbo tupu. Mwenye kutumia dawa ya sukari akikaa foleni bila kula, tunaanza kuhangaika naye pale kwenye benchi. Muulizeni jana yake ameambiwa afunge au la. Hakuambiwa? Anywe chai yake atoke.

Mwana wa Makadara

Sista, tuna mpango wa kuanza tena, safari hii si Korona, ni wazee tu wasio na mtu. Tuandike nini kwenye kikaratasi cha kumpa mzee aende nacho kliniki?

Sista Mstaafu

Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana kuna nyanya tunamwita jina la utani miaka kumi na faili yake haionekani. Ugonjwa wake. Dawa anazotumia sasa, au pakiti zenyewe ndani ya mfuko, hata tupu. Dawa zinazomdhuru. Tarehe ya kurudi. Na namba mbili za watu wanaoshika simu asubuhi. Msituwekee ya mwana aliye Dubai, yule kule kazini simu wameifungia kwenye kabati.