Wauza sola za RV (magari ya kuishi) wanatuibia mchana kweupe, friji ya gesi HAIENDI na betri mbili!!

Wakuu salamu. Nimesubiri siku tatu hasira zishuke, hazijashuka, acha niandike tu.

Niko Arizona, Marekani, Quartzsite, kule jangwani kwenye ardhi ya serikali nilikolipa dola 180 nikae na RV yangu toka katikati ya Septemba mpaka katikati ya Aprili, umeme unajitegemea mwenyewe. Kabla sijaja nilipita kwa jamaa anayefunga sola nikamwambia wazi shida yangu ni friji, nina mke na mtoto mdogo. Akasema hamna shida, paneli ya wati 200, betri mbili za asidi za ampia-saa 100 kila moja, na inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), friji itapiga kazi usiku na mchana. Nikatoa dola 1,400.

Usiku wa kwanza tu, saa tisa, inveta inalia piii piii, mtoto kaamka, taa zimekufa, na feni ya hita ya kupasha RV imegoma kwenye baridi ya Januari! Kesho yake jua limewaka vizuri lakini betri hazikujaa, usiku ikawa vilevile. Siku ya tatu nafungua friji, damu ya nyama ya mbuzi niliyonunua Phoenix imechuruzika mpaka kwenye droo ya mboga, maziwa ya mtoto yamekatika mabonge. Tumemwaga kila kitu.

Ndo nikafungua kile kifuniko cha nje nyuma ya friji, nikamulika na simu. Kibandiko kimeandikwa wati 325! Hii friji haina kompresa wakuu (ile mota ya kupoza ya friji za kawaida), inapoza kwa kuchemsha amonia, ukiiweka kwenye umeme ni sawa na kuwasha jiko. Piga hesabu, wati 325 gawa kwa volti 12 za betri ni ampia 27, inveta nayo inakula yake, weka 30. Betri za asidi unatakiwa uishie nusu, yaani ampia-saa 100 kwa zote mbili, kwa hiyo hapo una masaa matatu na kidogo, sisi tulizikamua mpaka mwisho na ndo unavyoziua. Hata hita ya friji ikizima nusu ya siku bado unahitaji wati-saa 3,900 kwa siku, na paneli ya 200 iliyolala flati juu ya paa wakati jua la Januari liko chini ukipata 700 umshukuru Mungu.

Na friji hiyohiyo ukiiweka kwenye gesi inakula umeme kidogo sana wa ile bodi yake ya kuiongoza! Si angeniambia hivyo? Au aniambie ninunue ya kompresa ya volti 12, inayovuta wati 50 au 60 hivi? Nimempigia ananijibu eti ongeza betri mbili, atanipunguzia bei. ANIPUNGUZIE BEI!

Sasa hivi niko kwenye gesi na friji inapoza vizuri, ila hela yangu naitaka. Risiti ninayo, meseji aliyoandika "friji itaenda usiku kucha" ninayo. Aliyewahi kumpeleka muuzaji mahakama ya madai madogo hapa Arizona aniambie alianzia wapi.