Mjadala: Kujichapishia kumeijenga riwaya ya fizikia Ujerumani, au kumeifungia kwenye duka moja?

Mleta mada
Wakuu, Brandon Q. Morris ni jina la kalamu la Matthias Matting, mwanafizikia na mwandishi wa habari wa Ujerumani. Mwaka 2017 alijichapishia *Enceladus*, riwaya ya fizikia, yaani hadithi ya kubuni inayofuata sayansi halisi, kuhusu safari ya kwenda kwenye mwezi mmoja wa Zohali, na hajapunguza mwendo tangu hapo. Mwaka 2021 kampuni ya uchapishaji ya Fischer Tor nayo ikamtolea *Die Störung*. Nasema kujichapishia ndiko kulikomfikisha hapo, na hesabu ndiyo hii.

Kitabu cha kielektroniki cha yuro 3.99: toa VAT ya asilimia 7, inabaki 3.73. Amazon inakata senti 12 kwa kila megabaiti ya faili, kisha mwandishi anapata asilimia 70 ya kilichobaki. Faili likiwa megabaiti moja, ni yuro 2.53 mkononi. Kitabu cha karatasi cha yuro 16.99 kwa mchapishaji, mrabaha ukiwa asilimia 6 ya bei bila VAT, kinaleta senti 95. Kwa wasomaji 5,000 ni yuro 12,650 dhidi ya 4,750. Wapenzi wa riwaya za namna hii si wengi, kwa hiyo pengo hilo ndilo linaloamua kama mwandishi ataandika cha pili.

Mhariri
Hesabu yako haijatoa mhariri, msomaji wa prufu wala mchora jalada. Kwa mchapishaji hao wanalipwa kabla nakala moja haijauzwa. Anayejichapishia analipa mwenyewe, na kitabu kikidoda, hasara ni yake peke yake. Halafu kuna kasi. Anayetegemea mauzo ya mwezi huu anasukumwa kutoa kitabu kingine haraka, na cha kwanza kuumia ni wahusika: rubani, daktari na mwanajiolojia wote wanaongea kwa sauti moja.

Mhandisi
Kuhusu wahusika sibishi. Lakini riwaya ya aina hii huanguka kwenye namba, na mhariri wa lugha haoni namba. Chukua kazi ya kutoboa barafu ya Enceladus. Shimo la kipenyo cha mita 1 lina kilo 720 hivi za barafu kwa kila mita ya kina. Kuipasha kutoka wastani wa nyuzi -100 na kuiyeyusha kunataka takriban kilojuli 510 kwa kilo, yaani megajuli 367 kwa mita. Mtambo wa megawati 1 unamaliza mita moja kwa dakika sita. Barafu ikiwa na unene wa kilometa 5, ni siku 21, bila kuhesabu joto linalopotelea kwenye kuta za shimo.

Wengi hukosea mahali pawili. Pa kwanza ni juu kabisa: mdomo wa shimo uko kwenye ombwe, pasipo hewa, kwa hiyo barafu haiwi maji, inageuka mvuke moja kwa moja, na hapo kilo moja inakula karibu kilojuli 2,800, zaidi ya mara tano. Mpaka shimo lijizibe kwa juu, mtambo unatambaa. Pa pili ni kebo. Maji yanaganda tena nyuma ya mtambo, kwa hiyo kebo inayoshushwa kutoka juu itanaswa. Lazima roli la kebo liwe ndani ya mtambo wenyewe, ujifungulie kadiri unavyoshuka.

Ninachompendea Morris ni kwamba nyuma ya riwaya anaweka sura ya maelezo ya sayansi yenyewe. Msomaji anaona kipi kimepimwa na Cassini, chombo cha anga kilichochunguza Zohali na miezi yake, na kipi kimebuniwa. Kwangu sura hiyo ina uzito kuliko nembo ya mchapishaji yeyote.

Mkutubi
Mmezunguka mrabaha na barafu, mmeacha mlango wa maktaba. Mwandishi anayeingiza kitabu kwenye Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa ada ya mwezi, analipwa kwa kurasa zilizosomwa, lakini kwa siku 90 nakala ya kielektroniki hairuhusiwi kuuzwa kwenye duka lingine. Kwa miaka mingi kifungo hicho kilizuia hata Onleihe, huduma ambayo maktaba za umma za Ujerumani huazimishia vitabu vya kielektroniki, isikipate. Kijana wa miaka 15 asiye na kadi ya benki alibaki nje, na huyo ndiye msomaji wa fizikia wa kesho! Hili ni suala la umma, si la mfuko wa mtu mmoja.

Mleta mada
Hapo umenigusa, mkuu, nakubali. Ila kifungo hicho ni cha nakala ya kielektroniki tu. Ya karatasi inauzwa kokote na maktaba inaweza kuinunua. Anayetaka kutoka aondoe alama inayofanya mkataba ujirudie wenyewe kabla ya siku ya 90, maana akisahau zinaanza 90 nyingine. Siku ikipita, apeleke faili kwa msambazaji anayehudumia maduka mengine na Onleihe. Na bei iwe ileile kila mahali, hata kwenye tovuti yake mwenyewe: sheria ya Ujerumani ya bei moja ya vitabu inambana anayejichapishia sawasawa na kampuni kubwa. Duka moja likibaki na bei ya zamani, barua ya wakili inaweza kufika nyumbani.

Mkutubi
Basi aanze na vitabu vya zamani. Cha kwanza cha mfululizo kikiingia maktaba, wasomaji watakifuata cha pili dukani.