Naomba ushauri: mwandishi anaingia kuzimu kupitia kidaka, tunarekodi Lamu

Kidau_cha_Wino

Waungwana, salamu. Nina mswada wa filamu fupi, kurasa 14, na tunataka kuurekodi Lamu kwa siku nne. Mwandishi wa tendi anaishi peke yake kwenye nyumba ya kale ya mawe, mtaa wa Mkomani. Usiku mmoja anagundua kwamba kidaka kimoja (kishubaka kilichochongwa ukutani) hakina ukuta nyuma yake: kimejaa wino, umesimama wima na haumwagiki. Anatia mkono, kisha anaingia mzima. Upande wa pili ni Lamu ile ile, ila wakazi wake ni wafu wanaongoja mtu wa kuwamalizia beti zao.

Tuna kamera moja ya lenzi za kubadilisha, lenzi za milimita 16, 24 na 50, taa tatu za LED za betri, rekoda moja ya sauti, na watu sita pamoja na waigizaji. Fundi wa michoro ya kompyuta hatuna. Nimekwama mambo manne: wino wa wima ufanywe vipi, usiku wa kuzimu tuupige usiku kweli au mchana, mizimu ionekane vipi bila kuwachekesha watu, na magofu, twende Takwa au Gede?

Fundi_Mwanga

Nianze na wino, maana hapo ndipo filamu itakaposimama au kuanguka.

Wino wa wima ni wino wa kulala uliopigwa na kamera iliyolazwa ubavu. Chukua beseni pana lenye kina cha sentimita 40 au zaidi, litandike ndani karatasi ya nailoni nyeusi, ujaze maji. Usitie wino halisi: utamchafua mwigizaji vidole, na ukitaka kurudia picha atakuwa na mkono wa buluu. Juu ya beseni lala ubao wa plaiwudi uliokatwa tundu la umbo la kidaka, kama sentimita 30 kwa 40, na kingo zake zichongwe zifanane na plasta ya ukuta wenu. Ubao upake rangi ya mafuta isiyong'aa. Ukipaka chokaa, itayeyuka ukingoni, maji yatapata ukungu mweupe na hila yote itaonekana.

Mwigizaji alale kifudifudi juu ya meza au ulili, mkono uning'inie moja kwa moja chini. Kamera iweke kando, juu ya maji kwa pembe ya digrii 30 hivi, na uilaze ubavu. Ikishuka sana, maji yanakuwa kioo na utaona vilivyo nyuma ya beseni. Ikipanda sana, utaona nailoni. Nyuma ya beseni ning'iniza kitambaa cheusi, na kando yake ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe uupige taa: huo ndio utakaoleta mng'aro mmoja juu ya weusi, na jicho litaamini ni wino. Taa yenyewe ikae upande utakaokuwa *juu* picha ikisimamishwa. Watu wengi husahau hilo, wanapata kivuli kinachokwenda upande usioeleweka.

Makosa mengine: mkono wa kanzu utaning'inia kuelekea majini, na picha ikisimamishwa utaonekana umenyooka kama unavutwa na ukuta. Ukunje hadi kiwiko au uugandishe kwa tepu kwa ndani. Vidole viwe pamoja na viingie polepole, sekunde kumi nzima, la sivyo hewa itanaswa katikati yake na mapovu yatapanda. Feni izimwe. Kati ya picha na picha ngojea maji yatulie kabisa.

Kidau_cha_Wino

Hii imenitua mzigo. Na akitoa mkono?

Fundi_Mwanga

Usipige akiutoa, utatoka unachuruzika maji meupe. Kata picha ukiwa ndani, kisha mwonyeshe upande wa chumba akiutazama mkono uliopakwa wino halisi.

Bi_Zidaka

Mwenzangu, kabla ya taa, itazame nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu yenyewe ni safari. Unatoka njiani, unapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, unaingia kiwandani, yaani uani palipo wazi juu, kisha vyumba virefu vinavyofuatana: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, mpaka nyumba ya kati. Katika nyumba nyingi kila chumba kimepanda kidogo kuliko kilichotangulia, na mwanga unapungua kila hatua, kwa sababu unaingilia kiwandani tu. Zidaka, ndivyo tuitavyo vidaka, hukaa ukuta wa ndani kabisa. Basi usimweke mwandishi wako akiandika karibu na zidaka tangu mwanzo. Mwanzishe daka, mchana, watu wakipita. Kila onyesho lirudi nyuma chumba kimoja. Akifika kidakani mtazamaji atakuwa ameshaingia gizani bila kuambiwa.

Upana wa vyumba hivyo umefungwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni mita mbili na nusu hivi, wala havizidi tatu, ijapokuwa kwa urefu vinakwenda sana. Lenzi ya 50 itakusumbua ukipiga kwa upana. Piga kwa urefu wa chumba, kutoka mlango hadi mlango, na 24 itatosha. Ile 16 iache kwa upande wa kuzimu peke yake, ili chumba kile kile kionekane kimenyooka kupita kiasi.

La pili, na hili nakuomba ulizingatie: karatasi anazoandika zisiwe na aya za Qurani wala jina la Mwenyezi Mungu, kwa kuwa zitalowa au kufutika mbele ya kamera. Andika beti zako mwenyewe. Na wino usiwe na rangi ya zafarani. Huku kwetu maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji ni kombe, dawa, na mtazamaji wa pwani atafuata maana hiyo badala ya yako.

Kamera_ya_Manda

Usiku: piga njia mchana, piga vyumba usiku.

Vichochoro vya Lamu vinafaa mno kwa usiku wa kuigiza, maana kuta za ghorofa mbili tatu zinaficha mbingu, na mbingu ndiyo inayoumbua usiku wa uongo. Kamera iwe usawa wa kifua, ielekee chini kidogo. Joto la rangi kwenye kamera weka Kelvini 3200 ili mwanga wa jua uwe buluu, punguza mwanga stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), na jua likae nyuma ya mwigizaji limchore mabega. Hilo linapatikana saa 3 hadi 4 asubuhi na saa 9 hadi 10 alasiri. Saa 6 mchana jua linaanguka wima na pua zinatoa vivuli vya mchana. Usipunguze stopu nne ukidhani giza zaidi ni usiku zaidi: vivuli vitajaa chengachenga na huwezi kuviokoa wakati wa kuhariri.

Hila hii inashindwa palipo na kandili. Mchana, mwali wa kandili haumulikii kitu, utaonekana kama mchoro. Kwa hiyo kila picha yenye kandili ingoje magharibi au usiku. Na kumbuka tuko karibu na ikweta: jua likizama, buluu nzuri ya mbinguni haikai zaidi ya dakika 20. Panga picha mbili tu kwa jioni moja. Mkipanga tano mtapata moja mbovu.

Ndani, usiku, mshumaa mmoja nusu mita kutoka usoni unataka ISO 6400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kwa f/1.8 (tundu la lenzi lililofunguliwa sana), na bado utakuwa mwembamba. Ficha taa ndogo ya LED nyuma ya kitabu, rangi ya manjano, ielekee ukutani. Chokaa itarudisha mwanga laini. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, basi kwa fremu 25 kwa sekunde weka shata 1/50 ya sekunde, na kwa fremu 50 weka 1/100, taa za nyumba zisicheze.

Fundi_Mwanga

Naongezea kwa mizimu. Njia ya kale ni ile ya kioo, aliyoitangaza John Henry Pepper huko London mwaka 1862: kioo kinasimamishwa kwa digrii 45, mtu aliyefichwa pembeni gizani anapigwa taa, na sura yake inaonekana kuelea nyuma ya kioo. Ni nzuri sana, lakini kwa mtu mzima unahitaji kioo kikubwa, na kioo kinene kinatoa sura mbili zilizoachana kidogo. Kukivusha kwa mashua kisha kukipitisha vichochoroni ni hasara tu.

Fanya picha mbili. Kamera juu ya stendi, isiguswe. Fokasi, mwanga na rangi vyote kwa mkono, na kitulizaji cha mtikisiko kizimwe, kwa sababu kikiwa kinafanya kazi kinaisogeza picha hata kamera ikiwa imetulia. Piga sekunde 30 chumba kitupu, kisha sekunde 30 mzimu akiwemo. Kwenye kuhariri, laza ya pili juu ya ya kwanza kwa asilimia 50. Picha zote mbili zipigwe ndani ya dakika tano, wingu likipita kati yake ukuta mzima utapumua. Na hila hii usiijaribu mashuani, hakuna chombo kinachotulia juu ya maji.

Bi_Zidaka

Kanzu nyeupe ya dukani itang'aa kama taa na kuharibu usiku wote. Chemsha majani ya chai, gramu 100 kwa lita kumi za maji, chuja, loweka kanzu nusu saa, suuza, anika kivulini. Itapata weupe uliochoka, na kamera itauona kama nyeupe bado.

Usoni, liwa. Unga wa msandali ukikorogwa kwa marashi mpaka uwe mzito kama uji, ukapakwa mwembamba, unakauka kwa robo saa na kupasuka mistari myembamba kila mwigizaji akisema neno. Basi wasiseme. Mzimu aliyefunga mdomo, uso umekauka, mstari mmoja tu umepasuka kando ya jicho, huyo anatisha kuliko meno ya bandia.

Sikio_la_Usiku

Hakuna aliyegusa sauti. Kuzimu kunajengwa kwa vitu *vinavyokosekana*. Lamu ya walio hai ina punda, injini za mashua, kunguru, vyombo jikoni. Rekodi vyote hivyo vizuri kwa sehemu ya kwanza. Mwandishi akipita kidakani, viondoe vyote mara moja, ubakishe chumba kitupu peke yake. Kwa hiyo katika kila chumba, kabla ya kufungasha, watu wote wanyamaze dakika moja na urekodi ukimya wake. Ukimya wa kiwandani si ukimya wa ndani. Kisha chukua sauti ya bahari, ipunguze kasi kwa nusu: inashuka oktavu moja na inakuwa pumzi. Iweke chini sana.

Adhana ikiadhiniwa, simamisheni kazi, wala msiitie kwenye sehemu ya kuzimu. Upepo wa kusi ukivuma, maikrofoni isiyo na kofia ya manyoya haifai hata darini.

Maji_Kujaa

Takwa au Gede. Gede iko karibu na Watamu, kusini mwa Malindi, ndani ya msitu, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Magofu ni makubwa, njia za kamera ni nyingi. Ila mwanga unapenya majani madoa madoa, na kuufanya usiku ni kazi. Kima nao watakuja palipo na chakula, kwa hiyo msile karibu na vifaa. Kwa siku nne na watu sita, kusafiri kutoka Lamu hadi kule kunakula siku nzima.

Takwa iko Manda, ng'ambo tu, ila mkono wa bahari unaopita mikokoni hauingiliki maji yakiwa yamepwa. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hujaa kama saa 10 hadi 11 jioni. Mnaingia saa 9, mnapata mwanga wa jioni, na lazima muwe chomboni kabla maji hayajawatoroka. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo panga tarehe kwa jedwali la maji kwanza, ndipo uwaite waigizaji. Msikitini na kwenye kaburi la nguzo msiigize mizimu. Ni mahali pa dua. Kuta za nyumba zinawatosha.

Kamera_ya_Manda

Makaratasi kwa kifupi: leseni ya kurekodi filamu chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa magofu, kupimwa daraja na KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kabla ya kuionyesha hadharani, na kuwaarifu wazee wa mtaa. Droni inataka idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na uwanja wa ndege uko hapo hapo Manda. Kwa hadithi hii sioni hata inahitajika ya nini.

Kidau_cha_Wino

Nimeandika yote, ahsanteni sana. Takwa ndiyo, kwa jioni moja ya bamvua. Limebaki moja: nataka kuzimu kuwe na sheria yake, ili mtazamaji ajue mara moja kwamba amevuka. Nilifikiria wakati urudi nyuma.

Fundi_Mwanga

Basi ishike sheria hiyo moja na usiongeze ya pili. Picha zote za kuzimu zigeuzwe nyuma-mbele. Mwandishi aigize kinyume: anarudi nyuma, kwenye filamu anakwenda mbele, na mwendo wake unakuwa na uzito usiojulikana unatoka wapi. Kila picha isizidi sekunde nane, zaidi ya hapo mwili unasahau. Asiseme kitu. Mwanzoni weka chetezo mbele ya kamera, makaa mekundu, ubani punje tano, taa nyuma yake: kwenye filamu moshi utashuka hewani na kuingia chetezoni. Fungua madirisha baadaye na ufute lenzi, utomvu wa ubani huganda juu ya kioo. Na usiwashe makaa chini ya makuti.

Kisha mwandike ubeti wake kwa khati za Kiarabu, picha ya karibu, lenzi ya 50, karatasi imebanwa pembe nne isisogee. Ukigeuza, kalamu itatembea kushoto kwenda kulia kama ya mtu anayeandika kizungu, na nyuma yake karatasi inabaki nyeupe. Tumia kalamu ya mwanzi na wino mzito unaong'aa ukiwa mbichi: mng'aro ule utaonekana ukipanda kutoka kwenye karatasi na kurudi nchani.