Mrejesho: Kamera ya kurekodi ndege wanaowinda Dunga

Mwezi wa Januari niliwauliza ni kamera gani ya video ingemfaa mwanagenzi anayetaka kurekodi furukombe na midiria wakiwinda samaki ziwani pale Dunga, Kisumu. (Wapo waliodhani mwindaji ni mimi, uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, kwa hiyo silaha yangu ni lenzi tu.)

Nawashukuru nyote, hususan ndugu aliyesisitiza nitazame ukuzaji wa lenzi yenyewe na kupuuza ule wa kidijitali, ambao hukata picha na kuipanua tu. Nilinunua kamera ndogo ya mkononi iliyokwisha kutumika, yenye ukuzaji wa mara 30, na sasa furukombe akitua mtini namwona hadi kucha. Ushauri wa kurekodi fremu (yaani picha mojamoja zinazounda video) 60 kwa sekunde nao ulinifaa sana, kwani ninapopunguza kasi hadi nusu, mdiria anayeelea hewani kabla ya kujitosa majini huonekana vizuri bila picha kukatikakatika.

Stendi ya miguu mitatu haikunisaidia ndani ya mashua, kwa sababu hutikisika pamoja na mashua yenyewe, hivyo siku hizi narekodi nikiwa nchi kavu. Aidha, kamera iling'ang'ania kulenga mafunjo yaliyo mbele badala ya ndege, mpaka nikazima ulengaji wa kiotomatiki na kuanza kulenga kwa mkono. Hata hivyo, mkono wangu bado ni mzito, na furukombe akinyakua samaki nimempata mara moja tu, mkia ukiwa nje ya picha.

Kifuniko cha manyoya cha kukinga maikrofoni dhidi ya upepo bado sijakinunua.