Naomba ushauri: nifanyeje nisikohoe mpira wa kupumulia ukitolewa baada ya nusu kaputi?

Binti Kisosora
Wakuu habari za usiku. Wiki ijayo nafanyiwa upasuaji wa goita, jina la hospitali sitaji. Jirani yangu alifanyiwa huohuo mwaka jana. Wakati wanamtoa mpira kooni alikohoa mfululizo, shingo ikavimba, akarudishwa ndani usiku uleule kidonda kikafunguliwa upya. Tangu anisimulie silali. Swali langu ni moja tu: mtu afanye nini asikohoe pale mpira unapotoka? Kuna dawa ya kunywa nyumbani kabla ya kwenda? Mengine yote niko sawa. Matusi sitaki.

Dawa Chungu
Tatizo mnajitakia. Chumvi yenye madini joto imejaa madukani, nyie mnakimbilia ya mawe kwa sababu bibi alipikia hiyo. Goita ikishatokeza ndiyo mnaanza kuulizana kuhusu kikohozi.

Mama Wawili
Pole mwaya. Mimi uzazi wa mwisho nilipasuliwa, ila walinichoma sindano ya mgongo, nikawa macho nawasikia wanabishana Simba na Yanga. Mpira sikuwekewa. Kikohozi kilinishika wodini siku ya pili, mama mkwe ndiye aliyenifundisha kukumbatia mto tumboni kabla ya kukohoa. Huyo mama mkwe anastahili uzi wake peke yake.

Kiroboto
Kohoa tu dada. Ndugu zako huko nje watakuwa wanaomba wasikie hata chafya 😂

Zamu ya Usiku
Nafanya kazi chumba cha upasuaji, upande wa usingizi. Kikohozi hicho ni cha kawaida sana. Mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti, na mwishoni una kipuuto cha hewa kinachobana kuta za njia ya hewa. Dawa ya usingizi ikianza kuisha, koo linagundua kuna kitu kigeni na linataka kukitoa. Kwa upasuaji mwingi haina neno. Kwa goita tunaogopa, maana ukikohoa kwa nguvu presha inapanda, mshipa uliofungwa unaweza kuachia, damu ikajaa shingoni na kubana njia ya hewa. Jirani yako hakukutungia hadithi.

Ila kazi ya kuzuia ni yetu, si yako. Tunaweza kukupa lidokaini, dawa ya ganzi, kwenye mshipa dakika chache kabla ya kutoa mpira, kawaida miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Wengine wanaijaza hiyo lidokaini ndani ya kipuuto badala ya hewa. Kuna fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu, na palipo na uwezo kuna remifentanili ya ukoo huohuo au deksmedetomidini ya kutuliza. Ukilazwa kwa dripu ya propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mara nyingi unaamka kwa utulivu kuliko ukilazwa kwa gesi. Makohozi yanafyonzwa ukiwa bado umelala fofofo. Mpira wenyewe unaweza kutolewa kabla hujazinduka, lakini kwenye goita wengi wetu tunasita: uvimbe ukikaa miaka unaweza kulegeza njia ya hewa, na neva ya sauti iko palepale kwenye kisu. Tunataka kukuona unapumua mwenyewe.

Sasa nijibu mimi. Unavuta sigara? Una mafua? Una kikohozi sasa hivi? Unatumia dawa gani?

Binti Kisosora
Asante daktari. Sivuti. Mafua sina. Natumia za presha tu. Hiyo lidokaini inauzwa famasi?

Zamu ya Usiku
Mimi si daktari, na hiyo si ya kununua. Maswali yalikuwa manne, umejibu matatu.

Mzee wa Raskazone
Tangawizi, asali na ndimu, asubuhi na jioni. Mimi mapafu yangu ni ya kijana.

Zamu ya Usiku
Mzee, asubuhi ya upasuaji hakuna asali wala uji, tumbo liwe tupu. Binti, nasubiri.

Binti Kisosora
Kikohozi kipo. Kikavu, cha muda, kinanisumbua zaidi usiku. Kliniki waliponiuliza nilisema sina. Msinihukumu. Ukisema unakohoa zaidi ya wiki mbili unapelekwa kupimwa TB, tarehe inasogea, na kibali cha bima kinaisha mwisho wa mwezi. Mume wangu ameshachukua likizo. Nimeshanunua dawa ya kikohozi ya maji yenye kodeini, nilipanga kunywa alfajiri ile. Kikohozi kikilala, tatizo liko wapi?

Mama Wawili
Yaa Rabi! Mwaya!

Zamu ya Usiku
Tatizo ni kwamba kodeini inapunguza kasi ya kupumua, na sisi tutakupa nyingine za ukoo huohuo, kama fentanili, bila kujua. Usiinywe. Hiyo ya presha inaitwaje?

Binti Kisosora
Lisinopril. Tangu mwanzo wa mwaka.

Zamu ya Usiku
Na kikohozi kilianza kabla au baada?

Binti Kisosora
Baada.

Zamu ya Usiku
Basi huenda ni hiyo. Kikohozi kikavu ni mojawapo ya karaha zake zinazojulikana. Mtu anabadilishiwa, mara nyingi anapewa losartan, na kikohozi huchukua wiki kadhaa kutulia. Lakini goita ikibana njia ya hewa nayo inakohoza, na TB haitambuliwi mtandaoni, inapimwa. Usiiache dawa kwa kichwa chako. Kamwambie daktari wako wa usingizi haya yote kabla ya siku yenyewe.

Binti Kisosora
Wewe una kazi serikalini, hujui kibali cha bima kinavyopatikana. Mbona wengine wanapasuliwa wakikohoa na wanapona?

Nyundo Baridi
Ngojeni kwanza. Nimepitia nyuzi za zamani za huyu. Mwezi wa tatu alikuwa anauza gari, IST ya bluu, akajiita "baba mwenye nyumba Pongwe". Leo ana goita na mume mwenye likizo. Halafu tazameni mfuatano: kikohozi, dawa ya presha, kodeini. Hili ni swali la mtihani wa chuo cha afya, mnamfanyia mtu kazi.

Dawa Chungu
Niliona mapema.

Kiroboto
Aliyefeli ni Mzee wa Raskazone 😂

Binti Kisosora
Akaunti ni ya mume wangu, nimebadilisha jina tu. IST ni yake. Nilidhani haingii humu siku hizi.

Mama Wawili
Kwa hiyo na yeye hajui habari ya kikohozi?

Binti Kisosora
Anajua nakohoa, tunalala chumba kimoja. Hajui nilichosema kliniki.

Nyundo Baridi
Weka picha ya kibali cha bima, ufiche jina.

Zamu ya Usiku
Usiweke picha yoyote. Awe wa kweli, awe mwanafunzi, jibu langu ni lilelile. Na kama ni mwanafunzi aandike: chupa ya kodeini iende na mgonjwa kliniki, waione.

Binti Kisosora
Kesho asubuhi nitakwenda. Lisinopril nitasema. Ya kodeini nitaangalia nitakayemkuta.

Mzee wa Raskazone
Hiyo IST bado ipo?