Musaada wa TFC: depite McDermott wa Marekani na sheria ya madini yetu, kura zake tuzisome namna gani?

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo. Miye nasoma siasa hapa Bukavu na niko naandika TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) juu ya depite (mbunge) mumoja wa Marekani, Jim McDermott. Bengi hapa hawajue jina lake lakini kazi yake ilitugusa sana. Alikuwa depite wa Seattle tangu Januari 1989 mpaka Januari 2017, ni manda 14 za miaka miwili miwili. Mbele ya siasa alikuwa munganga wa magonjwa ya akili, na kitu kilinivuta kwake ni hiki: mu 1987 alikuja kufanya kazi huku kwetu, wakati inchi ilikuwa ingali Zaire, akiwa munganga wa watumishi wa serikali ya Marekani, kisha mu 1988 akarudi kwao kuomba kura na akapita. Miaka makumi mbili na kitu kiisha, Novemba 2009, njo yeye aliweka ku meza muswada wa madini ya vita (yenye feza yake inalisha bantu ba bunduki), H.R. 4128. Kiisha hapo ikakuja ile sheria ya 2010 yenye bantu ba huku banaitaka « Loi Obama ».

Sasa shida yangu. Promoteri (mwalimu mwenye anasimamia kazi yangu) aliniambia nifanye tablo, kura, tarehe, ndiyo ao hapana, kisha nitoe maoni. Nimeanza. Sheria ya Patriot ya 2001 (ya kupambana na ugaidi), ile iliyopita kwa kura 357 kwa 66, alisema hapana. Vita ya Irak, Oktoba 2002, 296 kwa 133, hapana tena. Sheria ya afya ya Machi 2010, 219 kwa 212, ndiyo. Na tarehe 30 Juni 2010 sheria kubwa ya mabanki, Dodd-Frank, 237 kwa 192, ndiyo. Ile ya madini yetu iko mule ndani, kipengele 1502, sheria nzima iko na kurasa zaidi ya 800 na sisi tuko na kurasa chache tu karibu ya mwisho.

Nikiangalia tablo naona mutu mwenye musimamo lakini kazi yake siioni. Ile « ndiyo » ya Juni 2010, ilikuwa ya banki ao ilikuwa ya koltani yetu? Na nyumbani nikitaja tu hili jina mjomba wangu, mwenye alikuwaka negosianti wa kasiterite (mawe ya bati), anasimama anatoka inje bila kusema kitu. Basi munisaidie, kura ya depite inasomwaka namna gani?

lushois_wa_kenya (Lubumbashi)

Yambo mudogo. Swali yako ni ya nguvu na nakuomba usiiache hata promoteri akiharakisha. Tablo ufanye, lakini jua kama iko na matundu makubwa, na mufano mzuri kuliko yote uko palepale mu sheria yako, paka uvuke uende ku Senati.

Mu 2009 basenateri batatu ndio balileta muswada wa madini ya Kongo kule ku Senati: Sam Brownback wa Kansas, Russ Feingold wa Wisconsin na Dick Durbin wa Illinois. Kile kipengele 1502 kilitoka ku amandema ya Brownback, aliingiza mu ile sheria ya mabanki Mei 2010. Sasa fungua kura ya mwisho ya Senati, 15 Julai 2010, 60 kwa 39. Brownback: hapana. Feingold: hapana. Ni Durbin peke yake mu bale batatu alisema ndiyo. Brownback alikuwa wa Republican na mu chama chake batatu tu njo balikubali ile sheria. Feingold yeye alikuwa Demokrate, na mu Bademokrate bote ni yeye peke alikataa, sababu aliona sheria haikaze mabanki vya kutosha. Madini haikuwa neno lake siku ile.

Unaona sasa? Kama TFC yako ingekuwa juu ya Feingold na unafuata tablo peke, ungeandika kama alipinga sheria ya madini ya Kongo, na jury ingekupa pointi kwa uongo mtupu. Ni huyuhuyu Feingold mu 2013 Marekani ilimutuma huku kama mujumbe wao wa Maziwa Makuu.

Kwa hiyo ku kila kura angalia njia yenye muswada ulipita mbele ya kufika pale. Nani aliuweka ku meza, ulipita mu komisyo gani, nani aliongeza jina lake kuunga mukono, amandema gani ziliingia na gani zilianguka. McDermott alikuwa mu komisyo ya kodi na biashara, inaitwa Ways and Means, na ndio maana muswada wake H.R. 4128 ulishika upande wa biashara, bidhaa zenye zinaingia inchini mwao. Ule wa Brownback ulishika upande wa soko la hisa, kampuni kubwa zitoe ripoti. Yenye ilishinda ni ya soko la hisa. Weka miswada miwili hii pamoja, uone McDermott alitaka nini na alipata nini mwishoni, pale ndipo TFC yako iko, hata kurasa makumi mbili unaweza kuandika juu ya ile tofauti peke.

Na ukiwa unafanya hivi fikiria bahati yenye uko nayo. Kule kura kubwa za chumba chao cha chini, badepite 435, zinaingizwa na mashini tangu 1973, na jina la kila mutu linatoka. Kwetu badepite ni 500 ku Palais du Peuple, bunge letu la Kinshasa, katiba inataja namna mingi ya kuvota, kwa kuita majina kwa sauti, kwa kuinua mukono, kwa karatasi ya siri, lakini jaribu kutafuta depite wa kwenu alivota nini miaka kumi iliyopita. Miye nilijaribu kwa memware yangu, nikaishia kuomba magazeti ya zamani kwa bazee. Hili jambo linaniuma mpaka leo.

mwalimu_nyabibwe (Kalehe)

Jambo mutoto wangu, jambo papa wa Lubumbashi. Miye nasema kutoka huku kwenyi mashimo. Nilikuwa nafundisha darasa la tano primeri wakati ule, na huku kwetu minerval (feza ya masomo) ya batoto ilikuwa inatoka ku kasiterite, hata bazazi benye hawachimbe, mama anauza ndizi na foufou kwa bakrezeri (bachimbaji), bakrezeri bakikosa naye anakosa. Septemba 2010 kazi ikasimama. Mu Novemba darasa langu lilikuwa limebaki na batoto nusu. Wengine balifuata baba zao kwenyi dhahabu, wengine sikuwaona tena. Sisemi hii ili nimutwike mutu mumoja muzigo, nasema ili ujue mjomba wako anatoka inje ju ya nini.

Lakini wewe unaandika kazi ya shule, basi tenga tarehe, tena uzitenge vizuri. Obama aliweka sahihi 21 Julai 2010. Kule kusimamisha uchimbaji mu Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema ni Septemba 2010 na ilitoka Kinshasa, rais Kabila, mpaka Machi 2011. Halafu Aprili 2011 banunuzi bakubwa ba inje bakaanza kukataa madini yenye haina alama ya kuonyesha inatoka wapi, na huku alama hazikuwa bado. Hivyo ni vitu bitatu, na bantu bengi banavifunga mu furushi moja banaita Loi Obama. Na kile kipengele 1502 nilikisoma mara mingi kwa Kifaransa, hakikatazi mutu kununua madini ya Kongo hata mara moja, kinaomba kampuni zenye ziko ku soko la hisa la kwao ziseme kama madini yao, bati, tantale, tangsteni na dhahabu, inatoka Kongo ao inchi jirani, na zimechunguza namna gani. Hata amri ya kukitekeleza walitoa Agosti 2012, ripoti za kwanza 2014. Sasa sisi tulikuwa tumekwisha kulala na njaa tangu 2010.

Huku Nyabibwe etiketi za kwanza, zile alama, zilifika Oktoba 2012 ku shimo la Kalimbi. Siku ile bantu balicheza ngoma. Bei haikurudi kama mbele lakini kazi ilirudi.

Kwa hiyo swali lako la kura ni nzuri, ila uliza pia: depite akiwa Washington anavota Juni, alijua ni nini itafika Nyabibwe Septemba? Kile kiko mu hotuba zake na mu vikao vya komisyo, kura haiwezi kukuambia.

dada_wa_panzi (Bukavu)

Nimesoma yote, aksanti mwalimu, umenirudisha mbali. Nina maneno kidogo na mengine hamutayapenda.

Kwanza mutoto wa Kadutu, usifunge miaka 28 ya mutu mu kipengele kimoja kwa sababu tu kinatuhusu. McDermott alikuwa pia mumoja wa baandishi ba AGOA, ile sheria ya 2000 yenye iliacha bidhaa nyingi za Afrika ziingie Marekani bila ushuru. Kongo tuliondolewa mule Januari 2011, tukarudi Januari 2021. Yaani depite mumoja alishika milango yetu miwili, wa nguo na mazao na wa madini, na mu 2011 yote miwili ilikuwa imetubana kwa wakati mumoja. Hilo sijaona mutu akiandika vizuri, liandike wewe. Pia mambo ya SIDA (UKIMWI) alifuata kwa miaka mingi, na bima ya afya ya serikali kwa bantu bote aliomba na miswada yake ikawa inaanguka. Vile vilivyoanguka navyo ni rekodi yake, havitoki mu tablo ya ndiyo na hapana kwa sababu havikufika hata kuvotiwa.

Pili usimufanye mutakatifu. Kuna kesi ya kaseti ya simu ya viongozi ba Republican, alipatia magazeti, mwenzake Boehner akamushitaki, na mu 2008 tribinali ikamulazimisha kulipa zaidi ya dola milioni 1. Alisema anatetea haki ya bantu kujua, tribinali ikasema depite wa komisyo ya maadili hana ruhusa ya kufanya vile. Iingize, usiogope.

Tatu, na hapa ndipo sikubaliane na papa wa Lubumbashi. Unasema tuangalie njia yenye muswada ulipita mbele ya kura. Sawa. Na njia ya kiisha kura je? Mimi nafanya kazi na bamama, nimeona kile vita inafanya. Ofisi ya ukaguzi ya bunge lao, GAO, ilisema 2024 kama ile kanuni ya ripoti haikuleta amani zaidi mashariki mwa Kongo. Miaka 14! Depite mwenye alivota 2010 na akakaa mpaka 2017 alikuwa na miaka sita ya kuuliza, kuita bantu, kurekebisha. Tafuta hiyo sita miaka. Kuvota ni siku moja. Na uangalie kama Juni 2017, miezi mitano tu kiisha yeye kutoka, chumba chao cha chini kilipitisha muswada wenye ulikuwa unafuta 1502, 233 kwa 186, ikasimama kwa sababu Senati haikuupitisha. Mukongo yeyote alijua siku ile kama sheria yetu ilikuwa inachezewa? Sisi tulisikia kiisha.

lushois_wa_kenya (Lubumbashi)

Dada, nakubali. Niliangalia upande mumoja. Mudogo, ongeza ile sura, « kiisha kura », na dada akikusaidia kusoma ile ripoti ya ukaguzi itakuwa bora kuliko miye.

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Aksanti sana papa, mwalimu, dada. Nimepasua plan yangu yote. Tablo nitaiacha ku mwisho kama nyongeza, ndani nitaweka sura ya miswada miwili, ya McDermott na ya Brownback, kisha sura ya tarehe kama mwalimu alizitenga, kisha ile sita miaka ya dada.

Jana mangaribi nilimusomea mjomba neno la mwalimu, pole pole, tarehe kwa tarehe. Hakutoka inje. Alikaa, akaniomba nirudilie pale pa Septemba 2010, nikarudilia. Kisha akaniuliza: « Basi kule kutufungia mashimo, ni badepite gani balivota? » Nikamwambia papa, hakuna mwenye alivota, ulikuwa uamuzi wa rais na wizara, haukupita bungeni. Akanyamaza kitambo. Akasema niandike hiyo pia, na niandike na jina la shimo lake, ataniambia lilikuwa wapi.

Mwalimu, nikipanda Nyabibwe mwezi ujao naweza kukupata?

mwalimu_nyabibwe (Kalehe)

Panda. Kuja siku ya soko, bakrezeri ba wakati ule banashuka bote. Na mujomba wako mulete.