Ulinganisho: blogu ya kila mwanafunzi, blogu moja ya darasa, au mfumo wa ndani wa chuo?

Mhadhiri_Mpya

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa somo jipya la uandishi wa blogu na mitandao ya kijamii, na kabla ya muhula kuanza ninatakiwa kuwasilisha mpango unaoeleza wanafunzi watachapisha wapi kazi zao. Ninaziona njia tatu. Ya kwanza ni kila mwanafunzi kufungua blogu yake kwenye huduma ya bure, kama vile Blogger au WordPress.com. Ya pili ni blogu moja ya darasa iliyowekwa kwenye seva ya chuo, ambamo wanafunzi wote ni waandishi nami ni mhariri. Ya tatu ni kufanya kila kitu ndani ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo, ambako mtu wa nje haoni chochote. Ninaelekea kwenye ya kwanza, lakini ningependa kuwasikia waliowahi kufundisha somo la namna hii.

Fundi_Seva

Mleta mada, swali lako haliwezi kujibiwa kwa haki mpaka utuambie mambo uliyoyaacha. Wanafunzi ni wangapi, na wako mwaka wa ngapi? Watatumia kompyuta za maabara au simu zao? Hiyo seva inasimamiwa na nani, na je, msimamizi huyo yuko tayari kusasisha WordPress, yaani programu ya kuendeshea blogu, kila toleo jipya linapotoka? Ninauliza kwa sababu tovuti nyingi za WordPress huvamiwa kupitia plagini (programu-nyongeza) zilizoachwa bila kusasishwa, na blogu ya darasa ni aina ya tovuti ambayo kwa kawaida hutelekezwa siku ileile muhula unapokwisha.

Kalamu_Huru

Ninasimama na njia ya kwanza bila kusita. Blogger ilipoanzishwa mwaka 1999, na WordPress ilipofuata mwaka 2003, mtu asiyejua msimbo wowote aliweza kuandika, akabofya kitufe, na maandishi yake yakasomwa na yeyote, bila kusubiri ruhusa ya mhariri wala mwenye gazeti. Mwanafunzi asiyepita katika uzoefu huo hajasoma somo hili hata kama atafaulu mtihani wake. Anatakiwa kuchagua mwenyewe jina la blogu, kuamua anamwandikia nani, kuona chapisho lake la kwanza likikosa msomaji, na kujiuliza ni kwa nini. Katika blogu ya pamoja maamuzi hayo yote yanafanywa na mhadhiri, na mwanafunzi anabaki kuwa mchangiaji wa jarida la mtu mwingine. Tena, anapohitimu anaondoka na kazi zilizo chini ya jina lake, ambazo anaweza kumwonyesha mwajiri.

Mhariri_Mstaafu

Kalamu_Huru, hoja yako ni nzuri, lakini niruhusu nieleze yaliyotupata sisi tulioichagua njia hiyo.

Tulitumia huduma ya bure ambayo sitaitaja. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi walifungua akaunti wote kwa pamoja wakiwa maabara, kwa hiyo kwa upande wa kampuni ile maombi yote yalionekana kutoka kwenye anwani moja ya intaneti ndani ya muda mfupi. Mfumo wao wa kuzuia watumaji taka ulizikataa baadhi ya akaunti papo hapo, na hizo hazikutuumiza. Zilizotuumiza ni zile zilizokubaliwa, zikaachwa zifanye kazi, kisha zikafungwa katikati ya muhula, wiki ileile ambayo wanafunzi walikuwa na zoezi la kuweka viungo vya blogu za wenzao. Nadhani blogu changa zenye wasomaji wachache, zote zikielekezana viungo kwa siku moja, zilifanana mno na mtandao wa ulaghai.

Tulikata rufaa, tukajibiwa na ujumbe uliotungwa na mashine. Waliokuwa wakiandaa rasimu kwenye faili zao waliweza kuendelea, lakini waliokuwa wakiandika moja kwa moja kwenye dirisha la blogu walipoteza maandishi, picha na maoni ya wasomaji. Binti mmoja alikuwa amechapisha mfululizo wa mahojiano marefu na mafundi cherehani, kazi ambayo kwangu ilikuwa bora kuliko zote za darasa lile, na hakubaki na chochote isipokuwa picha chache zilizokuwa kwenye simu yake. Kisha ofisi ya mitihani ikataka ushahidi wa kazi zilizopewa alama, na ushahidi wenyewe ulikuwa kwenye seva za kampuni ambayo haikuwa na mkataba wowote nasi. Ilibidi tukae na kila mwanafunzi tukijadiliana alama kwa kumbukumbu, jambo ambalo halikumtendea haki mtu yeyote.

Tangu hapo, darasa lolote ninaloshauri huandika rasimu kwenye faili kwanza, na kila mwanafunzi hupakua nakala ya blogu yake mara kwa mara. Blogger na WordPress zote zina sehemu ya kutoa maudhui yote kama faili, na zoezi hilo lapaswa kuwa na alama zake.

Mhadhiri_Mpya

Poleni sana kwa yaliyowapata. Nikimjibu Fundi_Seva: wanafunzi ni kama arobaini, wako mwaka wa pili, nusu yao wanasoma uandishi wa habari na nusu biashara. Maabara tunaipata kipindi kimoja kwa wiki, kazi nyingine watafanyia kwenye simu. Seva ipo chini ya kitengo cha TEHAMA, ila sijazungumza nao bado.

Fundi_Seva

Basi zungumza nao kabla ya kuandika neno lolote kwenye huo mpango, maana kuna njia ya nne ambayo hukuitaja. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress moja inaweza kuwekwa kama mtandao wa blogu nyingi, yaani kila mwanafunzi anapata blogu yake yenye jina lake, mandhari yake na nywila yake, huku usasishaji wa programu, plagini na nakala rudufu vikishughulikiwa mahali pamoja. Mwanafunzi anapata maamuzi anayoyataka Kalamu_Huru, na chuo kinabaki na ushahidi anaoutaka Mhariri_Mstaafu. Gharama yake ni kwamba lazima awepo mtu mmoja anayewajibika, kwa sababu seva ikianguka blogu zote arobaini zinaanguka pamoja.

Kalamu_Huru

Na siku mwanafunzi anapohitimu, nani anahakikisha blogu yake haifutwi? Akaunti ya chuo ikifungwa, na kazi zake zimekwenda.

Fundi_Seva

Anaihamisha. Faili inayotolewa na WordPress moja husomwa na WordPress nyingine, ingawa picha zinahitaji uangalifu, kwa kuwa faili hiyo hubeba viungo vya picha, si picha zenyewe, na seva ya zamani ikizimwa kabla ya uhamisho kukamilika picha hazitaonekana tena.

Faragha_Kwanza

Ninashangaa tumefika hapa bila mtu kuuliza kama wanafunzi wanalazimika kutumia majina yao halisi. Darasani kunaweza kuwamo mtu anayemkimbia mwenza mkatili, au mtu ambaye familia yake haitakiwi kujua anachokifikiri. Chapisho la hadharani halirudi nyuma kwa kufutwa tu, kwani Wayback Machine ya Internet Archive hunakili kurasa za wavuti, na yeyote anaweza kuwa ameshapiga picha ya skrini. Mpe kila mwanafunzi haki ya kutumia jina la kalamu, wewe peke yako ukiwa na orodha inayolinganisha jina hilo na namba yake ya usajili, na asiyetaka kabisa kuonekana apewe njia ya kufanya kazi zilezile ndani ya Moodle bila kupunguziwa alama wala kuulizwa sababu.

Kuhusu mitandao ya kijamii nina msimamo mkali zaidi. Kumlazimisha mwanafunzi afungue akaunti ya Facebook, X au TikTok ni kumlazimisha akubali masharti ya kampuni ya nje ili apate alama. Asiyetaka anaweza kuchambua akaunti za hadharani za taasisi, au kuandaa mpango wa machapisho ya mwezi mzima kwenye jedwali.

Takwimu_Darasani

Ninaunga mkono majina ya kalamu, lakini somo la mitandao ya kijamii lisilogusa mitandao yenyewe litawapa wanafunzi nadharia tupu. Mimi hutoa sehemu ya alama kwa ukuaji wa wasomaji: ni wangapi walifika, walitoka wapi, walikaa muda gani. Waajiri wa wale wa biashara watawauliza hayohayo.

Mhariri_Mstaafu

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Idadi ya wasomaji inategemea ukubwa wa mtandao wa marafiki ambao mwanafunzi alikuja nao, na inategemea mfumo wa kampuni unaoamua nani aone nini, mfumo ambao wewe mhadhiri huuoni wala huudhibiti. Ukiitolea alama, utawafundisha kuandika vichwa vya habari vya kuhadaa na kununua wafuasi. Tathmini uchambuzi: mwanafunzi aeleze kwa nini chapisho moja lilisomwa na jingine halikusomwa, kisha aeleze atabadilisha nini.

Takwimu_Darasani

Uchambuzi usio na takwimu ni maoni. Nakubali alama zisifuate idadi tupu, bali mabadiliko ya mwanafunzi akilinganishwa na yeye mwenyewe, lakini siwezi kukubali kuziondoa takwimu kabisa.

Mleta mada, usijenge mazoezi juu ya chombo kimoja cha kampuni. Google Reader, iliyotumika kufuatilia machapisho mapya ya blogu, ilifungwa Julai 2013, mtandao wa kijamii wa Google+ wa watumiaji wa kawaida ukafungwa Aprili 2019, X, wakati huo ikiitwa Twitter, ilitangaza Februari 2023 kusitisha njia ya bure ambayo programu za nje zilitumia kuchota machapisho, na CrowdTangle, chombo cha kufuatilia machapisho ya hadharani kilichotegemewa na watafiti wengi wa Facebook, ilizimwa Agosti 2024. Mpango wa somo unaoitaja programu kwa jina unaweza kupitwa na wakati kabla wanafunzi haohao hawajahitimu.

Kalamu_Huru

Hapo umesema kweli, na ndiyo maana ninapenda wafundishwe RSS, yaani njia ambayo blogu hutumia kupeleka machapisho yake mapya kwenye programu ya msomaji, ambayo si mali ya kampuni yoyote. Kwa kisomaji kimoja cha RSS, Mhadhiri_Mpya anaweza kuzifuatilia blogu zote arobaini, hata kama kila moja iko kwenye huduma tofauti, bila kufungua ukurasa mmoja mmoja.

Mhadhiri_Mpya

Nashukuru, hilo la RSS nilikuwa silijui. Kuna jambo jingine ambalo pengine nilipaswa kulitaja mapema: mkuu wa idara angependa kazi bora za wanafunzi zitumike kutangaza chuo, na wakaguzi wa nje wa mitihani watataka kuziona kazi zote.

Faragha_Kwanza

Hilo linabadilisha kila kitu tulichokijadili! Mwanafunzi anayejua kwamba blogu yake ni tangazo la chuo hataandika kuhusu ada, wala kuhusu mabweni, wala kuhusu mhadhiri asiyefika darasani, na hayo ndiyo anayoyajua kuliko mtu mwingine yeyote. Isitoshe, katika sheria za nchi nyingi haki miliki ya kazi huwa ya aliyeiandika, naye ni mwanafunzi, isipokuwa kama kanuni za chuo zilizokubaliwa wakati wa usajili zinasema vinginevyo. Ombeni idhini ya maandishi kwa kila chapisho, baada ya alama kutolewa, si kabla.

Kalamu_Huru

Au kila mwanafunzi achague mwenyewe leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuitumia kazi yake kwa masharti aliyoyachagua, na kuibandika kwenye blogu yake. Hilo nalo ni somo.

Faragha_Kwanza

Leseni hizo hazirudishwi nyuma kwa mtu aliyekwisha kuitumia kazi kihalali, kwa hiyo asichague yeyote kabla hajaelewa anachokitoa.

Fundi_Seva

Mleta mada, kitengo cha TEHAMA kimekujibu nini kuhusu mtandao wa blogu? Na hao wakaguzi, wanahitaji kuona rasimu pamoja na marekebisho, au kazi iliyochapishwa tu? WordPress huhifadhi matoleo ya awali ya kila chapisho, ila mkaguzi atahitaji akaunti yenye ruhusa ya kuyaona.

Mhadhiri_Mpya

Kitengo hakijanijibu. Kuhusu wakaguzi, nitauliza Jumatatu.